Mchungaji aliyeunda injini kabla ya chuma chake kuzaliwa

Kuna injini unaweza kuunda chumbani kwako kwa mikebe miwili ya soda, puto, spoki za baiskeli, CD kuukuu na mshumaa. Haina plagi, haina kabureta, wala hainywi petroli. Haipigi kelele. Ndani yake mna hewa tu, hii hewa ya bure unayopumua, na hewa hiyo haitoki nje: inapashwa moto, inapoa, inapashwa tena, na gurudumu linazunguka. Vijana wanaopenda kuunda vitu kwa mikono yao huiita Stirling. Waulize Stirling ni nani. Wengine watakuambia ni kampuni ya Uingereza, na hakosekani mmoja wa kudhani unazungumzia pesa za Waingereza.

Stirling alikuwa mchungaji wa kanisa. Kola nyeupe, Biblia, mahubiri ya Jumapili, mazishi na harusi. Aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 60, na katikati ya hayo yote akaunda mashine ambayo wahandisi wa leo bado wanaihangaikia.

Robert Stirling alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1790 katika shamba la Cloag, karibu na kijiji cha Methven, eneo la Perthshire huko Uskoti. Alikuwa wa tatu kati ya watoto wanane. Babu yake, Michael Stirling, alikuwa ameshajipatia jina kwa kubuni mashine ya kupura nafaka, kwa hivyo mambo ya mashine kijana huyu hakuyaokota barabarani. Ukizaliwa katika familia ambayo babu aliangalia watu wakipura nafaka kwa kupiga na kupiga, akaona hapana, lazima kuna njia nyingine, unakua ukijua kwamba kubuni ni kazi ya watu wa kawaida.

Mwaka 1805 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, umri wake miaka 15 hivi. Baadaye akaenda Glasgow kusomea theolojia, kisha akarudi tena Edinburgh kuendelea na masomo hayohayo. Sisi tulioacha chuo katikati tunapenda sana hadithi za mabingwa wasio na vyeti. Pole, hii si mojawapo. Jamaa alisoma, tena alisoma miaka mingi. Jambo ambalo hakusomea ni uhandisi, na sababu ni rahisi: siku hizo haukuwa kozi. Chuo Kikuu cha Glasgow kilipata profesa wake wa kwanza wa uhandisi mwaka 1840, wakati Stirling alikuwa anakaribia miaka 50. Kabla ya hapo ufundi ulifunzwa karakanani, kwa nyundo na tupa, ukiwa umesimama kando ya mtu anayejua kuliko wewe.

Septemba 1816

Mwezi huo Stirling alikuwa na miaka 25. Tarehe 19 alitawazwa kuwa mchungaji wa pili wa kanisa la Laigh Kirk, mjini Kilmarnock. Hili lilikuwa Kanisa la Uskoti, lile ambalo wamishonari wake walifika kwetu Kikuyu miongo mingi baadaye, likaja kuzaa PCEA na kuacha jina la Thogoto, ambalo ni Scotland kwa ulimi wa Kikuyu. Siku chache tu baada ya kutawazwa, mchungaji huyu mpya alituma ombi la hataza ya injini.

Hebu fikiria. Umepata kazi ya heshima, ya kudumu, na waumini bado hawajalijua jina lako vizuri. Na wewe tayari uko mbele ya mawakili na michoro ya silinda. Ni wazi kwamba wazo lenyewe hakulipata wiki hiyo. Alikuwa ametembea nalo muda mrefu wakati anasomea uchungaji.

Kuhusu kilichomsukuma, kuna hadithi inayopendwa sana. Inasema mchungaji alisikitishwa na vifo vya wafanyakazi kwa sababu ya boila za mvuke kulipuka, akaapa kuunda injini isiyoweza kulipuka. Na kweli boila zilikuwa hatari. Mwaka 1803 boila ya injini ya Richard Trevithick ililipuka Greenwich, karibu na London, ikaua watu wanne. Chuma cha siku hizo kilikuwa hakiaminiki, viungo vilivuja, na mafundi wengine walifunga vali za usalama makusudi ili wapate nguvu zaidi. Kwa hivyo hadithi inaingia akilini. Lakini ukiangalia hataza yenyewe, kichwa chake kinazungumzia kupunguza matumizi ya kuni na makaa. Usalama haumo kwenye kichwa hicho. Mimi naona kijana huyu alikuwa anapigana na uharibifu kwanza. Sifa ya usalama ilikuja kama nyongeza, halafu watu wakaipenda kuliko kitu chenyewe.

Na uharibifu ulikuwa mkubwa kwelikweli. Injini ya mvuke inachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, halafu mvuke ule pamoja na karibu joto lake lote unaachwa upotee. Kila mzunguko unanunua joto jipya. Stirling alisema tuachane na maji. Tufungie hewa ndani ya chombo, tuipashe upande mmoja, tuipoze upande mwingine. Hewa ikipata moto inatanuka na kusukuma pistoni. Ikipoa inanywea na pistoni inarudi. Ndani ya chombo kuna kipande chepesi kisichobana kuta, ambacho kazi yake ni kuihamisha hewa tu: kikishuka hewa inakimbilia juu kwenye baridi, kikipanda hewa inashuka kwenye moto. Kipande hicho hutangulia pistoni kwa robo ya mzunguko. Ukikosea robo hiyo injini haiendi, hata ukiiombea.

Hadi hapo ni werevu, lakini si yeye wa kwanza kuwaza juu ya hewa moto. Kitu kilichomfanya Stirling awe Stirling ni kile alichokipa jina la kibana matumizi. Kati ya upande wa moto na upande wa baridi aliweka njia nyembamba yenye nyuso za chuma na waya. Hewa moto ikipita kwenda kupoa, inaliacha joto lake kwenye chuma kile. Hewa ileile ikirudi, sasa ikiwa baridi, inalichukua joto lake njiani kabla haijafika kwenye moto. Kwa hivyo moto unafidia pengo dogo tu. Ni kama yule mama wa mahindi choma anayezima makaa yake jioni na kuyaweka kwenye mkebe, kesho aanze nayo. Tofauti ni kwamba hewa ya Stirling inafanya hivyo kila mzunguko, mara nyingi kwa dakika.

Hiyo ilikuwa 1816. Miaka minane ilipita kabla ya Mfaransa kijana, Sadi Carnot, kuchapisha kitabu chake cha 1824 kilichoanza kueleza kwa nadharia kwa nini tofauti ya joto na baridi ndiyo inayotoa kazi. Yaani wakati mchungaji anachora waya zake, hakuna mtu duniani aliyekuwa na hesabu kamili ya kumwambia kwamba yuko sahihi.

Machimbo na silinda iliyoiva

Wazo bila karakana ni ndoto. Kilmarnock palikuwa na fundi mmoja anayeitwa Thomas Morton, mtu wa mashine za kufuma mazulia ambaye pia alitengeneza darubini. Morton alimpa Stirling mahali pa kufanyia kazi. Mchungaji huyo aliunda vifaa vya kuonea pia, na shughuli hizi ziliendelea hata baada ya yeye kuhama mji.

Mwaka 1818 injini yake ilisimamishwa kwenye machimbo ya mawe huko Ayrshire, ipige maji yaliyokuwa yakijaa shimoni. Nguvu yake ilikuwa ya farasi wawili hivi. Ndogo, sawa, lakini ilikuwa injini ya kweli inayofanya kazi ya kweli, si mfano wa mezani. Ilifanya kazi kwa muda, halafu sehemu ya chini ya chombo cha hewa, ile inayokaa kwenye moto, ikapashwa kupita kiasi, chuma kikalainika na kuharibika. Mdogo wake, James, alisimulia baadaye kwamba mwendeshaji hakuwa makini. Huenda. Lakini chuma kinacholainika siku mwendeshaji akisinzia hakijatosha kwa kazi hiyo, na sentensi hiyo ndiyo maisha ya Stirling kwa ufupi. Kumbuka hilo shimo la machimbo, tutakutana na kosa lilelile Dundee.

Mwaka 1819 alimwoa Jean Rankine. Walijaliwa watoto saba. Mwaka 1824 alihamishiwa kanisa la Galston, mji mdogo wa wafumaji na wachimba makaa ya mawe, kilomita chache tu kutoka Kilmarnock. Hapo ndipo alipokaa hadi kufa kwake. Hakutafuta London, hakutafuta wawekezaji wa Manchester. Mtu mwingine angeacha kanisa akafungua kampuni. Yeye alibaki na waumini wake, na chuma akakifanya katika saa zilizobaki. Kwa lugha ya mtaani tungesema injini ilikuwa hasla ya pembeni, ingawa hasla hii haikumtajirisha.

Ubaya wa kuishi hivyo ni kwamba kazi inaenda polepole. Uzuri wake ni kwamba mtu hafilisiki. Mashine yake iliposhindwa, Stirling aliamka Jumapili akahubiri kama kawaida. Mimi naona hii ndiyo sababu aliweza kulishikilia wazo moja kwa miaka 60. Wavumbuzi wengi wa wakati wake walikufa na madeni, mawazo yao yakafa nao.

James, ndugu wa chuma

Huwezi kusimulia habari za Robert ukamwacha James. James Stirling alizaliwa 1800, na yeye ndiye aliyekuwa mhandisi wa kazi. Hataza za 1827 na 1840 walizitoa pamoja. Mchango mkubwa wa James ulikuwa swali moja la kifundi: kwa nini tutumie hewa ya kawaida? Ukiibana hewa kabla ya kuifungia ndani, unaingiza hewa nyingi zaidi katika silinda ileile, na kila inapotanuka inasukuma kwa nguvu zaidi. Injini inapata nguvu bila kuwa kubwa kama nyumba.

James alikuwa meneja wa kiwanda cha kusubu chuma cha Dundee Foundry. Mwaka 1843 ndugu hawa walichukua injini ya mvuke iliyokuwa ikiendesha kiwanda hicho wakaigeuza kuwa ya hewa. Hapo si mchezo tena. Hii ilikuwa injini yenye nguvu ya farasi zaidi ya 30, ikizungusha mashine zote za kiwanda, mbele ya macho ya wafanyakazi ambao mkate wao ulitegemea izunguke. Na ilizunguka. Ilikula makaa machache kuliko injini ya mvuke iliyokuwepo hapo. Mwaka 1845 James alikwenda kuieleza mbele ya chama cha wahandisi wa Uingereza, London. Baadhi ya waheshimiwa waliokuwa pale walikunja nyuso: joto linawezaje kutumika, halafu likachukuliwa tena, halafu likatumika tena? Kwao ilisikika kama mashine inayojiendesha bure. Tusiwacheke. Mwaka huo wa 1845 sayansi ya joto ilikuwa bado inaandikwa.

Aliyeimaliza injini ya Dundee alikuwa moto. Ili injini ya hewa iwe na nguvu, upande wa moto lazima uwe moto sana, chuma kiive kabisa, na kikae hivyo siku nzima, wiki nzima, huku hewa iliyobanwa ikikisukuma kutoka ndani. Injini ya mvuke haina shida hiyo kwa kiwango hicho, kwa sababu maji hukipoza chuma cha boila. Hewa haikipozi. Silinda ya moto ya Dundee ilipasuka. Wakasubu nyingine, ikapasuka. Mara tatu silinda hizo ziliharibika, na kila mara kiwanda kilisimama. Mwaka 1847 wenye kiwanda walichoka wakarudia mvuke.

Nikisoma sehemu hii huwa najiuliza ningekuwa mwenye kiwanda ningefanya nini. Jibu ni kwamba ningefanya walivyofanya. Makaa unayookoa hayalipi mishahara ya watu waliokaa bila kazi wakingoja silinda mpya ipoe.

Lakini angalia kilichoshindwa. Hesabu ya joto ilikuwa sawa, kibana matumizi kilikuwa sawa, na wazo la James la kubana hewa lilikuwa sawa pia. Tatizo lilikuwa chuma cha kusubu. Duka la mwaka 1847 halikuwa na kitu kingine chenye bei inayoeleweka. Stirling alikuwa amechora mashine iliyohitaji chuma ambacho dunia ilikuwa haijajua kukitengeneza kwa wingi.

Wakati huohuo kulikuwa na mtu mwingine wa hewa moto, Mswidi John Ericsson. Yeye alipata hataza ya injini yake London mwaka 1833, nayo ikiwa na kifaa cha kurudisha joto, miaka 17 baada ya Stirling. Ericsson alikuwa kinyume kabisa cha mchungaji wetu: kelele, magazeti, pesa za watu. Alihamia Marekani, na mwaka 1853 akazindua New York meli nzima ya hewa moto iliyobeba jina lake mwenyewe, yenye pistoni nne zenye upana wa futi 14 kila moja. Futi 14 ni chumba cha kulala! Meli ilitembea, ila polepole, na haikuchukua muda ikafungwa injini za mvuke. Unaweza kukosea kwa udogo huko Galston, na unaweza kukosea kwa ukubwa New York. Hewa haijali.

Profesa wa miaka 22

Stirling alikuwa ameacha mfano mdogo wa injini yake katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Ulikaa hapo miaka, kama vitu vya maabara vinavyokaa. Mwaka 1846 chuo kilimpa uprofesa kijana wa miaka 22, William Thomson, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Lord Kelvin. Thomson aliufufua mfano ule akautumia darasani, na mashine ya mchungaji ikawa mojawapo ya vitu vilivyomchokoza afikirie vizuri uhusiano wa joto na kazi. Wakati Dundee wanabomoa injini kubwa, ile ndogo ilikuwa inafundisha kizazi kilichoiandika sayansi ya joto. Chuo Kikuu cha St Andrews chenyewe kilikuwa kimempa Stirling udaktari mwaka 1840. Udaktari wa nini? Wa theolojia.

Na watoto? Hapa ndipo hadithi inanichekesha. Wanawe wanne waliingia uhandisi, wa tano akawa mchungaji kama baba. Patrick, mkubwa wao, alijifunza kazi Dundee kwa baba yake mdogo, James. Basi Patrick aliunda nini? Vichwa vya treni za mvuke! Akawa mkuu wa vichwa vya treni wa kampuni ya Great Northern, na mashine yake ya 1870 yenye magurudumu makubwa ya futi nane bado ipo, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini York. Mdogo wake James naye akawa bingwa wa treni za mvuke kusini mwa Uingereza. Mzee alitumia maisha yake akitafuta njia ya kuuacha mvuke, wanawe wakawa wafalme wa mvuke. Sioni usaliti hapo. Vijana walifuata kazi iliyokuwa na chuma cha kuifanya.

Barua ya uzeeni

Mwaka 1856 Henry Bessemer alipata hataza ya njia ya kutengeneza pua, yaani chuma kigumu, kwa wingi na kwa bei nafuu. Mwaka huohuo Friedrich Siemens alipata hataza ya tanuri linalorudisha joto lake lenyewe: moshi unapasha matofali, matofali yanapasha hewa inayoingia. Unaitambua hiyo? Ni ndugu wa kibana matumizi. Katika miaka ya 1860 tanuri la aina hiyo lilianza kutumiwa Ufaransa kutengeneza pua. Kwa maneno mengine, wazo la aina ileile ya Stirling lilisaidia kuzaa chuma ambacho Stirling alikikosa. Sijui unalichukuliaje hilo. Mimi ilibidi nisimame kidogo.

Pua hii mpya iliziokoa boila za mvuke pia, zikawa imara na salama zaidi, na ile sifa ya injini ya hewa ya kutolipuka ikapungua thamani. Stirling aliliona hilo. Mwaka 1876, akiwa na miaka 85, aliandika barua akikubali uzito wa uvumbuzi wa Bessemer. Hakulalamika kwamba umemfuta. Aliandika akitumaini kwamba chuma hicho kipya kingeziwezesha injini za hewa kufanya kile ambacho za kwake zilishindwa. Ilikuwa miaka 60 tangu ile hataza ya 1816. James alifariki mwaka huohuo wa 1876. Robert alimfuata tarehe 6 Juni 1878, hapo hapo Galston, akiwa na miaka 87.

Injini kubwa za hewa zilipotea. Ndogo zilibaki zikipiga maji majumbani na kuendesha feni, hadi stima na mota zikazimaliza. Halafu katika miaka ya 1930 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikuwa na tatizo la biashara: ilitaka kuuza redio mahali pasipo na stima. Wahandisi wake mjini Eindhoven walitafuta injini tulivu, inayokubali moto wa aina yoyote, isiyosumbua redio kwa cheche za plagi. Wakarudi kwa mchungaji. Safari hii walikuwa na vyuma visivyolainika upesi. Kazi yao ndiyo iliyolieneza jina la injini ya Stirling hadi likaja kutumika kwa aina nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitengeneza mashine kama 150 za kuzalisha wati 200, lakini redio za transista zikaja na betri ndogo, soko likafa. Waligundua kingine, lakini: ukiizungusha injini hii kwa mota badala ya kuipa moto, inatengeneza baridi, baridi kali ya kugeuza hewa kuwa majimaji. Mashine hizo za baridi ziliuzika. Na Waswidi wakaifunga injini ya Stirling ndani ya nyambizi zao za Gotland, zilizoanza kutumika miaka ya 1990. Inachoma dizeli na oksijeni iliyobebwa ndani, nyambizi inakaa chini ya maji kwa wiki bila kuja juu kutafuta hewa, kimya. Mwaka 2005 jeshi la majini la Marekani liliikodisha Gotland yenyewe ili lijizoeze kuitafuta.

Sasa rudi kwenye mikebe yako. Ukiwasha mshumaa na injini ikagoma, anza na uvujaji: paka sabuni kwenye viungo uone mapovu. Kisha msuguano: zungusha gurudumu kwa kidole, likisimama upesi nyoosha waya na upanue matundu kidogo. Kisha baridi. Watu huongeza moto na kusahau upande wa juu, ilhali vipande vya barafu juu ya mkebe vinafanya kazi kuliko mshumaa wa pili. Ukiongeza moto bila kufikiri, gundi italainika na puto litapasuka, na hapo utakuwa umefika Dundee kwa njia yako.

Injini ikishaenda, fanya jaribio moja. Kile kipande cha ndani kinachohamisha hewa, kitengeneze mara mbili: kimoja cha mbao nyepesi au kadibodi ngumu isiyopitisha hewa, kingine cha sufu ya chuma ile ya kusugulia sufuria, ukiifinyanga ilingane na cha kwanza kwa ukubwa na, ukiweza, kwa uzito. Kwenye cha sufu hewa itapita katikati ya nyuzi, iache joto ikienda, ilichukue ikirudi. Tumia mshumaa uleule, maji ya baridi yaleyale, na uhesabu mizunguko kwa dakika moja kwa kila kipande. Tia alama kwenye gurudumu kwa kalamu ili usipoteze hesabu, na urudie kila kimoja mara tatu.